Thomas Young na Mpandano wa Mawimbi: Neno Moja, Dhana Mbili

Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha anayekutana na jina la Thomas Young kwa kawaida hukutana nalo katika historia ya isimu. Mwingereza huyu ndiye aliyebuni, mnamo mwaka wa 1813, istilahi ya Kihindi-Kiulaya kwa ajili ya jamii kubwa ya lugha zilizotapakaa kutoka Bara Hindi hadi Ulaya Magharibi. Aidha, alikuwa miongoni mwa wale waliofungua njia ya kusomwa kwa hieroglifu za Misri ya kale. Mwenzake wa kitivo cha sayansi naye humjua Young wa matundu mawili, yule aliyeonyesha kwamba nuru ikiongezwa juu ya nuru yaweza kuzaa giza. Ni nadra mmoja wao kutambua kwamba anayezungumziwa ni mtu yuleyule.

Makala haya yananuia kuusimulia uhai wa mtu huyo mmoja, na hasa wazo lake moja lililoishi kuliko yeye mwenyewe. Wazo hilo tutaliita mpandano, yaani hali ya mawimbi mawili kukutana mahali pamoja na kujumlishana. Kwa Young, mpandano ulikuwa na maana moja iliyo wazi. Takriban karne moja baada ya kifo chake, wanafizikia wa kwanta walilichukua neno hilo pamoja na jaribio lake, wakalipa neno maana nyingine. Neno likabaki moja, dhana zikawa mbili. Kwa wanaojishughulisha na ukuzaji wa istilahi za Kiswahili, hapo pana mtego, na ni vyema kuujua kabla ya kuunaswa.

Utoto na Masomo

Young alizaliwa tarehe 13 Juni 1773 katika kijiji cha Milverton, jimbo la Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika jamaa ya watoto 10. Wazazi wake walikuwa waumini wa dhehebu la Marafiki, wajulikanao pia kama Quaker, ndilo dhehebu lililokuja kupiga kambi Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka wa 1902. Marafiki wa zama hizo waliishi maisha ya kiasi, wakajiepusha na dansi, muziki na michezo ya kuigiza. Isitoshe, vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge havikuwatunuku shahada watu wasiokuwa wa Kanisa la Kianglikana, kwa hivyo kijana wa jamaa kama hii alianza safari ya elimu milango kadhaa ikiwa imefungwa mbele yake.

Inasimuliwa kwamba Young alijua kusoma akiwa na umri wa miaka miwili, na kwamba kufikia miaka minne alikuwa ameisoma Biblia nzima mara mbili. Miaka yake ya mwanzo aliishi zaidi kwa babu yake mzaa mama. Alipotimu miaka 14 alikuwa amebobea katika Kilatini na Kigiriki, na alikwisha kujifunza kwa viwango mbalimbali Kifaransa, Kiitaliano, Kiebrania, Kiarabu na Kiajemi. Kuanzia mwaka wa 1787 aliishi miaka mitano huko Youngsbury, jimbo la Hertfordshire, akiwa mwenzi na mwalimu wa mvulana wa jamaa tajiri ya Marafiki. Sehemu kubwa ya elimu ya miaka hiyo alijifunza peke yake, kitabu baada ya kitabu.

Mjomba wa mama yake, Richard Brocklesby, alikuwa daktari mashuhuri jijini London, naye ndiye aliyemwelekeza kijana huyu kwenye taaluma ya tiba. Akiwa bado mwanafunzi, Young aliandika mwaka wa 1793 makala kuhusu namna jicho linavyojirekebisha ili kuona vitu vya karibu na vya mbali. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, chombo kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

Alisoma Edinburgh, kisha Göttingen nchini Ujerumani, alikopata shahada ya udaktari mwaka wa 1796. Katika safari hizo aliuacha utaratibu wa Marafiki: alijifunza kucheza dansi, kupiga filimbi na kupanda farasi, akawa mpenzi wa michezo ya jukwaani. Jambo linalowahusu wanaisimu ni kwamba kazi yake ya Göttingen iligusia sauti ya binadamu, na humo alipendekeza alfabeti ya herufi 47 ambazo, kwa maoni yake, zingetosha kuwakilisha sauti zote ambazo kinywa cha mtu chaweza kutoa. Swali hilo la namna sauti inavyoumbika na kusafiri ndilo lililompeleka kwenye mawimbi.

Mwaka wa 1797 alijiunga na Chuo cha Emmanuel, Cambridge, ambako wanafunzi wenzake walimpachika lakabu iliyomaanisha kwamba ni kiumbe cha ajabu. Mwaka huohuo Brocklesby alifariki na kumrithisha nyumba jijini London na takriban pauni 10,000. Young hakuwa na haja tena ya kuhangaikia riziki, akafungua kazi ya udaktari jijini humo huku akiendelea na utafiti.

Kutoka Sauti hadi Nuru

Mwishoni mwa karne ya 18, wasomi wengi wa Uingereza waliamini kwamba nuru ni mvua ya chembe ndogo mno zinazorushwa na jua au taa. Huo ndio mkondo aliouchagua Isaac Newton katika kitabu chake cha mwaka wa 1704, na kumpinga Newton lilikuwa jambo la kuogopesha. Mholanzi Christiaan Huygens alikuwa amedai mwaka wa 1690 kwamba nuru ni wimbi, lakini dai lake lilikuwa limefunikwa na sifa za Newton.

Young aliingia katika suala hili kwa mlango wa sauti. Kila mpiga ala hujua kwamba filimbi mbili zikipigwa pamoja huku sauti zao zikitofautiana kidogo tu, sikio husikia sauti moja inayovimba na kufifia, kuvimba na kufifia. Maelezo yake ni kwamba mawimbi mawili ya hewa yanapofika sikioni kwa pamoja, mitikisiko yake hujumlishwa. Kilele kikikutana na kilele, sauti huwa kubwa. Kilele kikikutana na bonde, hewa hutulia na sauti hudidimia.

Hata maji hutenda vivyo hivyo. Young aliwaomba wasomaji wake wawazie ziwa ambalo mawimbi yake yanaingia katika mfereji mwembamba, kisha mawimbi mengine ya kimo hichohicho yaingie katika mfereji huo yakitoka upande mwingine. Yakifika sambamba, maji ya mfereji yatapanda maradufu. Yakipishana, kilele cha moja kikijaza bonde la jingine, uso wa maji utakuwa shwari. Newton mwenyewe alikuwa ameeleza kwa njia kama hiyo kujaa na kupwa kusiko kwa kawaida kwa bahari huko Tonkin, mashariki mwa Asia, ambako mikondo miwili ya kujaa hufika kwa njia tofauti na kufutana. Young alichothubutu kufanya ni kuuliza: ikiwa sauti na maji hujumlishana hivyo, kwa nini nuru isijumlishane?

Kuanzia mwaka wa 1801 alikuwa profesa katika Taasisi ya Kifalme, London, alikotoa mfululizo mrefu wa mihadhara kuhusu karibu kila tawi la sayansi ya siku hizo. Mwaka huohuo alianza kuieleza Jumuiya ya Kifalme nadharia yake. Mnamo tarehe 24 Novemba 1803 alisoma mbele yao ushahidi uliokuja kuwa maarufu. Alikuwa ametoboa tundu la sindano katika karatasi nzito iliyoziba uwazi wa dirisha, akapata mwale mwembamba wa jua. Katika mwale huo alisimamisha ukanda wa kadi wenye upana wa takriban sehemu moja ya 30 ya inchi, yaani chini ya milimita moja. Nuru ilipita pande zote mbili za kadi, na ndani ya kivuli chake kukatokea michirizi, mwanga na giza kwa zamu, huku mchirizi wa katikati ukiwa daima wa mwanga. Kisha aliuziba upande mmoja tu wa kadi. Michirizi yote ya kivulini ilitoweka, ijapokuwa nuru ya upande wa pili haikuguswa.

Tokeo hili lilikuwa zito. Kama nuru ni chembe zinazojiendea zenyewe, kuziba upande mmoja kungepunguza tu mwanga. Hakungeweza kuyafanya maeneo yaliyokuwa giza yapate mwanga. Katika kitabu chake kikubwa cha mihadhara, kilichochapishwa mwaka wa 1807 kwa mabuku mawili, Young alieleza umbo la jaribio ambalo limemletea sifa hadi leo: nuru ikipita katika matundu au mianya miwili iliyokaribiana, kiwambo kilicho nyuma hujaa mistari ya mwanga na giza. Kutokana na vipimo vya namna hii alikadiria urefu wa wimbi la nuru nyekundu kuwa sehemu moja ya 36,000 ya inchi, na wa nuru ya urujuani kuwa sehemu moja ya 60,000. Kwa vipimo vyetu hizo ni takriban milimita 0.0007 na 0.0004, nazo hazikosani na vipimo vya leo.

Kejeli na Ukimya

Mwenye kudhani kwamba ushahidi mwema hujiuza wenyewe na ausome mwaka wa 1803 na miaka iliyofuata. Jarida la Edinburgh Review lilichapisha uhakiki mkali usiotiwa jina la mwandishi, uliodai kwamba kazi za Young hazikuwa na thamani yoyote. Mwandishi alikuwa Henry Brougham, kijana mwanasheria ambaye hapo awali Young alikuwa ameikosoa kazi yake ya hisabati. Mwaka wa 1804 Young alijibu kwa kijitabu chenye hoja zilizopangwa vyema, na inasemekana kwamba kiliuza nakala moja tu. Brougham alipanda ngazi za siasa hadi akawa waziri mkuu wa sheria wa Uingereza mwaka wa 1830. Young aligeukia mambo mengine.

Hata hivyo, si haki kumlaumu Brougham peke yake. Young alikuwa na mtindo wa kuandika kwa ufupi mno, akiruka hatua ambazo kwake zilikuwa dhahiri lakini kwa msomaji zilikuwa giza. Hakuuvika mpandano wake vazi kamili la hisabati. Kazi hiyo ilifanywa na Mfaransa Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara aliyeyafikia mawazo yaleyale kwa njia yake mwenyewe kuanzia mwaka wa 1815. François Arago, rafiki wa Fresnel, alisimulia baadaye jinsi yeye na mwenzake Gay-Lussac walivyomzuru Young mwaka wa 1816 na kumsifia ugunduzi mpya wa Kifaransa. Young alishikilia kwamba jambo hilo alikwisha kulichapisha. Wageni wakawa hawajashawishika. Mkewe, Eliza, aliyekuwa amefunga ndoa naye mwaka wa 1804, aliondoka kimya sebuleni, akarejea na kitabu kikubwa cha mwaka wa 1807, akakiweka mezani kikiwa kimefunguliwa kwenye ukurasa wenye mchoro uliohusika.

Fresnel hakumdhulumu Young, walibaki kuheshimiana. Chuo cha Sayansi cha Paris kiliposhindanisha wasomi kuhusu suala la nuru, Siméon Poisson, mtetezi wa nadharia ya chembe, alipiga hesabu za Fresnel na kuonyesha kwamba zingelazimisha katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo pawe na nukta yenye mwanga. Alidhani kwamba amelifichua kosa. Arago alilifanya jaribio hilo, na nukta ikaonekana. Fresnel alitunukiwa tuzo mwaka wa 1819, na nadharia ya mawimbi ikashika hatamu.

Mtu wa Maneno

Wakati wote huo Young alikuwa akitibu wagonjwa. Kuanzia mwaka wa 1811 hadi kifo chake alikuwa daktari wa Hospitali ya St George's, London. Alieleza kasoro ya jicho inayofanya mistari ionekane vibaya upande mmoja kuliko mwingine, akiwa ameigundua katika jicho lake mwenyewe. Alipendekeza kwamba jicho hutambua rangi zote kwa kutumia vipokezi vya aina tatu tu. Wahandisi wa leo hulitaja jina lake wanapopima uthabiti wa chuma. Katika mihadhara yake ndimo lilimotumiwa kwa mara ya kwanza, kwa maana ya kifizikia, neno la Kiingereza ambalo Kiswahili hulifasiri kama nishati.

Istilahi ya Kihindi-Kiulaya ilizaliwa katika mapitio aliyoyaandika kuhusu kazi ya Mjerumani Johann Christoph Adelung, iliyokusanya sampuli za mamia ya lugha za dunia. Mwaka wa 1814 alianza kuchunguza maandishi ya Jiwe la Rosetta, lililopatikana Misri mwaka wa 1799 likiwa na tangazo moja kwa hieroglifu, kwa mwandiko wa kidemotiki na kwa Kigiriki. Aliona kwamba mwandiko wa kidemotiki ulikuwa na uhusiano na hieroglifu, na kwamba baadhi ya alama ziliwakilisha sauti. Aliweza kulisoma kwa sehemu jina la mfalme Ptolemaio, akayachapisha matokeo yake mwaka wa 1819 katika nyongeza ya Encyclopaedia Britannica. Ushindi kamili ulimwendea Jean-François Champollion mwaka wa 1822, mtu aliyekuwa na ujuzi mpana wa Kikopti ambao Young hakuwa nao. Kama ilivyokuwa kwa nuru, Young alifyeka kichaka, mwenzake akajenga barabara.

Alifariki London tarehe 10 Mei 1829, akiwa na umri wa miaka 55, bila mtoto. Hata alipolemewa na maradhi aliendelea kushughulikia kamusi ya kidemotiki, akiandika kwa penseli pindi kalamu ilipomshinda. Alizikwa Farnborough, katika jimbo la Kent, na kumbukumbu yake ikawekwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Jaribio Lililoishi Kuliko Mwenyewe

Young alikufa akiamini kwamba suala la nuru limetatuliwa, na kwa miaka mingi ilionekana hivyo. Lakini mwaka wa 1905 Albert Einstein alitoa hoja kwamba nuru hutoa na kupokea nishati kwa mafungu yasiyogawanyika, ambayo baadaye yaliitwa fotoni. Ilikuwa kana kwamba chembe za Newton zimerudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka wa 1909 Geoffrey Taylor, kijana wa Cambridge, aliififisha nuru hata ikawa dhaifu mno, akaiacha ipite kandokando ya sindano na kuangukia bamba la picha. Picha iliyochukua muda mrefu zaidi ilimchukua takriban miezi mitatu. Michirizi ilitokea vilevile, kana kwamba hata nuru haba namna ile ilipita pande zote mbili.

Kioja kikubwa zaidi kikafuata. Louis de Broglie alipendekeza mnamo miaka ya 1923 na 1924 kwamba hata elektroni, ambayo hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ni chembe, ina wimbi lake. Majaribio ya mwaka wa 1927 yalithibitisha jambo hilo. Mwaka wa 1961 Claus Jönsson wa Tübingen, Ujerumani, alizipitisha elektroni katika mianya halisi. Mwaka wa 1974 watafiti watatu wa Bologna, Italia, na mwaka wa 1989 Akira Tonomura na wenzake huko Japani, walizituma elektroni moja baada ya nyingine, wakitumia kifaa kinachozipa njia mbili. Kila elektroni iliacha nukta moja, mahali pamoja. Nukta za kwanza zilionekana kutawanyika ovyo. Zilipofika maelfu, zilijipanga katika mistari ya Young. Mwaka wa 1999, huko Vienna, michirizi kama hiyo ilipatikana kwa molekuli zenye atomi 60 za kaboni kila moja.

Elektroni moja haikuwa na mwenzake wa kukutana naye njiani. Basi ni nini kilichopandana na nini?

Mpandano wa Young na Mpandano wa Kwanta

Jibu la swali hilo ndilo linaloitenga fizikia ya kwanta na fizikia kongwe, yaani ile iliyotawala tangu enzi za Newton hadi mwisho wa karne ya 19. Hisabati ya kujumlisha inafanana pande zote mbili, na kufanana huko ndiko kunakoficha tofauti. Tofauti zenyewe zaweza kuelezwa kwa hoja nne.

Hoja ya kwanza inahusu kile kinachojumlishwa. Katika mpandano wa Young kuna vitu viwili vilivyopo kwa kweli: wimbi hili na wimbi lile. Kinachojumlishwa ni mitikisiko inayoweza kupimwa, kama kimo cha maji au msukumo wa hewa. Katika mpandano wa kwanta kuna kitu kimoja, na kinachojumlishwa ni hali zake: hali ya elektroni iliyopitia mwanya wa kushoto na hali ya elektroni ileile iliyopitia mwanya wa kulia. Kila hali ina kipimo chake cha kihisabati, ambacho chaweza kuwa chanya, hasi, au hata namba changamani. Max Born alieleza mwaka wa 1926 kwamba kutokana na mraba wa kipimo hicho ndipo tunapata uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani. Giza kwenye kiwambo cha elektroni, kwa hivyo, ni mahali ambapo uwezekano umejifuta. Hakuna maji wala hewa iliyotulia pale.

Ya pili inahusu kupima. Ukiweka chombo katika kila mfereji wa ziwa la Young, utakuta wimbi katika mifereji yote miwili, kila moja likiwa na sehemu yake ya nishati. Ukiweka chombo cha kuitambua elektroni katika kila mwanya, hutaikuta nusu huku na nusu kule hata siku moja. Utaikuta nzima upande mmoja, ama huu ama ule. Tena kule kuitambua njia yake kutaifuta michirizi. Young aliifuta michirizi kwa kuuziba upande mmoja. Katika kwanta hufutika hata pande zote zikiwa wazi, mradi tu njia iliyopitwa iwe imejulikana kwa chombo. Kwa nini upimaji hutoa jibu moja miongoni mwa mengi ni suala ambalo wanafizikia hawajaafikiana kulihusu hadi leo.

Hoja ya tatu ilisisitizwa na Paul Dirac katika kitabu chake cha mwaka wa 1930, alikoufanya mpandano kuwa msingi wa nadharia nzima. Wimbi la maji likipandana na wimbi lililo sawa nalo, kimo huwa maradufu na nishati huwa mara nne. Hilo ni wimbi jipya. Hali ya kwanta ikijumlishwa na nafsi yake hubaki hali ileile, hakuna kilichoongezeka. Vilevile, mawimbi yakifutana kabisa tunapata bahari shwari, ambayo ni hali halali ya bahari. Katika kwanta, jumla iliyo sifuri kila mahali haiwakilishi hali yoyote.

Ya nne ndiyo inayowapotosha wengi, hasa watafsiri. Mpandano wa kwanta si mchanganyiko, wala si kutojua kwetu. Sarafu iliyofunikwa kwa kiganja imekwisha kuangukia upande mmoja, na aliyeifunika ndiye asiyejua. Kama elektroni zingekuwa hivyo, nusu zikiwa zimepita kushoto na nusu kulia bila sisi kujua, kiwambo kingeonyesha mirundo miwili iliyojumlishwa tu, bila mistari ya giza. Kuwapo kwa mistari hiyo ndiko kunakokataa maelezo ya sarafu.

Hitimisho

Mwaka wa 2002 wasomaji wa jarida la Physics World walilichagua jaribio la Young, likitumia elektroni mojamoja, kuwa jaribio zuri kuliko yote katika historia ya fizikia. Sifa hiyo ilimfikia Young akiwa kaburini kwa miaka 173, tena kwa ajili ya maana ambayo hakuiwazia.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, maisha haya yana funzo mahsusi. Young alikuwa mbunaji wa istilahi katika fizikia na katika isimu, na alijua kwamba neno huchaguliwa baada ya dhana kueleweka. Anayeandika kitabu cha kiada au kuingiza kidahizo katika kamusi ya sayansi huku akiufasiri mpandano wa kwanta kama mchanganyiko, atakuwa amemfunza msomaji jambo ambalo michirizi yenyewe inalikana. Anayetumia neno moja tupu kwa dhana zote mbili atamfanya msomaji awazie elektroni mbili zilizogongana njiani kama mawimbi ya ziwani. Pendekezo la makala haya ni kwamba tutofautishe: tuseme mpandano wa mawimbi tunapozungumzia sauti, maji na nuru kama alivyoijua Young, na mpandano wa hali tunapozungumzia kwanta. Istilahi ya kwanza yataja vitu viwili vinavyokutana. Ya pili yataja kitu kimoja kisichokuwa bado na jibu moja. Wahadhiri wa vitivo vya sayansi na wenzao wa idara za Kiswahili wakikaa meza moja kulijadili pendekezo hili, watakuwa wanafanya pamoja kazi ambayo Young, kwa kuwa alikuwa mwanasayansi na mwanaisimu, aliweza kuifanya akiwa peke yake.